Chiku Anagawa Nguo

Bomba la kutundikia nguo kwenye kabati la Chiku lilikatika mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, na nguo zote zikammwagikia kitandani akiwa bado amelala. Alinipigia simu asubuhi hiyo akaniambia nije na mkasi, na nijikaze. Mimi ni Sabina, fundi cherehani. Fremu yangu inapakana na mgahawa wake hapa Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, pale malori ya Tunduma yanapopunguza mwendo. Mtu akiwa na nguo nyingi mimi huwa sioni tatizo, maana ndizo zinazonilisha. Lakini nilipofungua mlango wa chumba chake nilibaki kizingitini kwa muda, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukanyaga.

Mtaani tunamwita Mama Habibu, ila mimi kwa ukaribu wetu namwita Chiku. Ni binti wa mzee Isihaka, aliyekuwa na duka la vitambaa Sokomatola, Mbeya. Wazee wao walitoka upande wa Kilwa na mizigo ya biashara, wakaizoea baridi ya Nyanda za Juu, hawakurudi tena. Chiku akaolewa huku Iringa. Mumewe alifariki Habibu akiwa bado shule, na mama huyu akawasha majiko mawili ya mkaa pembeni ya barabara akaanza kuwapikia madereva wali maharage. Leo ana mgahawa wenye paa na meza, Habibu ana kazi yake Dodoma, na hakuna dereva wa njia hii asiyeyajua maharage yake ya nazi.

Shida ya Chiku ni kwamba anaishi ndani ya moshi. Nguo zake za jikoni ni magauni mawili matatu yaliyochoka, yana madoa ya mafuta ambayo hata sabuni imeyakatia tamaa. Nguo za kutokea ndizo zilizojaza kabati, mabegi matatu na ndoo moja kubwa yenye mfuniko, na mwenyewe hatokei. Nilishamwambia mara nyingi kwamba anazitunzia panya. Yeye hujibu kwamba siku yake ya kutokea ipo. Mimi mdomo wangu si mzuri, nikamuuliza ni siku gani hiyo isiyofika, akanuna hadi jioni.

Siku hiyo ya kabati tulikuwa wanawake watatu. Wa tatu alikuwa Ikupa, Mnyakyusa wa Rungwe, ambaye hufuata mchele Mbeya na kuutua hapa kwetu. Ikupa ana moyo safi na mdomo usio na breki. Akikuona umeshika tumbo, kabla hujafika nyumbani mtaa wote umeshajua una uvimbe. Tunampenda hivyo hivyo. Alikuja kuleta gunia, akasikia tunachambua nguo, akavua viatu akaketi mkekani bila kukaribishwa.

Chiku alikuwa na utaratibu wake. Aliishika kila nguo kwa mabega, akaitazama kama anayesalimiana nayo, kisha akaiuliza kwa sauti kavu kabisa: nikifa leo, watakaokukuta humu watasemaje? Ikupa alishtuka. Mimi nilicheka, maana nilijua maneno hayo yalikotoka. Mama mkwe wake Chiku alikuwa mwanamke wa heshima, kila Ijumaa ananukia udi, mtandio umenyooshwa vizuri. Alipofariki, Chiku aliwekwa kati ya wanawake waliofungua masanduku siku ya kugawa nguo. Juu kulikuwa na vitenge vizuri. Chini zikatoka sidiria zilizoshikizwa kwa pini na chupi zilizokwisha mpira, na mawifi wakatazamana. Chiku aliona aibu kwa niaba ya maiti. Akaapa kwamba zake hazitaonwa na mtu.

Basi tukachambua. Sidiria zilizolegea zilichomwa jikoni, na nitakuambia ukweli, zilinuka vibaya. Sare za harusi za watu tusiowakumbuka hata majina tukazikata vitambaa vya kufutia meza. Sketi aliyoinunua akiwa na miaka thelathini aliishika muda mrefu, akasema kiuno hicho kilikwenda wapi, nikamwambia kimezaa viuno vingine viwili. Alicheka kidogo, akaitupa kwenye lundo la kutoa.

Ikupa alikuwa anapokea na huku anasita. “Lakini kwetu hatugawagi nguo hivi, dada,” alisema. “Nguo zinagawiwaga mwenyewe akiwa hayupo.”

“Ndiyo maana zinakwenda kwa wasiostahili,” Chiku akamjibu, akamrushia gauni la kijani lenye mikono mipana. Lilikuwa gauni zuri la kitambaa kizito, la miaka yake ya wembamba. Ikupa, ambaye hata ale nini hanenepi, lilimkaa kama nimemshonea mimi. Alijitazama kwenye kioo akasahau mila za kwao.

Katika yale mazungumzo nikafanya kosa la kusema kwamba baadhi ya vitenge angempelekea mdogo wake, Naima. Chiku aliendelea kukunja. Akasema hana mdogo.

Anaye, na hakuna anayemkumbuka duniani kama huyo mdogo wake. Naima yuko Mbeya, anauza vitambaa vya mapazia Mwanjelwa. Wamelelewa kitanda kimoja, na baada ya wazazi kufa walibaki wawili tu. Wakati binti wa Naima anaolewa, miaka sita iliyopita, Naima aliwashonea wanawake wote wa ukoo sare ya rangi ya chungwa. Chiku akaingia ukumbini na gauni lake jeusi. Mawifi wa Naima wakamuuliza sare iko wapi, akawajibu kwa sauti kwamba rangi ile ni ya kuvalisha maboga. Naima alisikia. Na kwetu huku mtu asiyevaa sare ni kama hakuja, au ni mbaya zaidi, amekuja kukuonyesha kwamba hayuko upande wako. Naima alimwambia mbele ya watu kwamba siku atakayokuja Iringa tena ni ya kumzika. Tangu hapo hawajapigiana simu. Idi zinapita, hata salamu hakuna. Chiku hutazama magari ya Mbeya yanavyoshusha abiria hapa barabarani, halafu anarudi kwenye sufuria zake.

Kwa hiyo niliposikia amesema hana mdogo, nikavuta katoni lililokuwa uvunguni ili tubadilishe mazungumzo.

Katoni lilikuwa la makopo. Mafuta ya kung'arisha uso, mafuta ya kuondoa madoa, sabuni ya kutakatisha, rangi nyeusi ya nywele, dawa ya kulainisha nywele, na chupa ya manukato iliyobaki harufu tu. Chiku alisema ukweli wake bila kuona haya. Alianza kujipaka mume wake akiwa hai, akaendelea baada ya mume kufa kwa sababu uso ulishazoea, na sasa uso una rangi yake, vidole vina rangi yao. Ikupa akayatetea mafuta yake kwamba hayachubui, yanasafisha tu. Nikamuuliza yanasafisha uchafu gani ambao sabuni haiuoni. Mimi ni mtu wa mafuta ya mgando na sabuni ya mche, kuanzia kichwani hadi miguuni. Chiku akasema ndiyo maana magoti yangu yanafanana na ya mbuzi, nikayafunika kwa khanga.

Halafu akavua mtandio akanionyesha kichwa. Dawa ya nywele ilikuwa imemuunguza kisogoni, pamebaki kovu jekundu. Wiki iliyotangulia alikwenda hospitali Tosamaganga, daktari akampa dawa ya kupaka na kumwambia akipumzishe kichwa, dawa na rangi aache. Chiku akaketi kwenye kigoda, akanigeuzia mgongo, akasema ninyoe.

Nilimnyoa kwa mkasi ule ule wa vitambaa. Nywele nyeusi za rangi zikaanguka, chini yake zikabaki fupi nyeupe, nyeupe kabisa kama pamba. Ikupa alikuwa ametoka kufuata chai wakati kovu linaonyeshwa. Aliporudi na birika alimkuta Chiku na kichwa cheupe, nguo zimefungwa mafurushi, na makopo yametupwa kwenye ndoo ya taka. Akauliza nini kimetokea, Chiku akasema amekwenda Tosamaganga na daktari ameshamwambia. Hakusema ameambiwa nini. Akajipapasa kichwa kile, akafurahi, akasema, “Mwepesi. Sasa hata nikiitwa leo niko tayari.”

Ikupa alimimina chai bila kusema neno. Mimi nilifikiri anaona wivu kwa ajili ya furushi. Kukaa kimya kwake kungetosha kuniambia kwamba kuna balaa linapikwa.

Siku chache baadaye alikwenda Mbeya kufuata mchele, amevaa gauni la kijani. Alipita Mwanjelwa dukani kwa Naima, kama kawaida yake, kwa sababu huwa anamsalimia na kisha anakuja kumweleza Chiku kwamba mdogo wake mzima, na Chiku hujifanya hasikii. Naima aliliona gauni kabla hajamwona aliyelivaa. Yeye ndiye aliyemnunulia dada yake gauni lile, zamani, kwa pesa yake ya kwanza ya biashara. Alimuuliza Ikupa amelitoa wapi, na aliuliza kwa namna ya kumwita mtu mwizi. Ikupa akataka kujisafisha.

“Amenipa mwenyewe,” akasema. “Dada yako anagawa nguo.”

Pale Mbeya, neno hilo likitamkwa hivyo, hakuna mtu anayefikiria kabati. Naima aliketi juu ya robota la mapazia. Akauliza tangu lini, akauliza anaumwa nini, na Ikupa akamweleza alichokiona. Kwamba amekwenda Tosamaganga na daktari ameshamwambia. Kwamba amenyolewa nywele zote. Kwamba mafuta yake ametupa yote na amesema akiitwa yuko tayari. Ukimbana Ikupa leo atakuambia hakusema uongo hata neno moja, na kweli hakusema.

Naima akampigia Habibu, Dodoma, akamuuliza tu hali ya mama yake, bila kusema alichosikia. Habibu akamwambia mama mzima kabisa, hana hata mafua. Sasa nani kwetu huku asiyejua maana ya mzima kabisa? Ndivyo tunavyosema kwa ndugu aliye mbali ili asipate mshtuko njiani. Naima akafunga duka, na kesho yake alfajiri akapanda basi.

Alishuka Ipogolo mchana, watu wakiwa wanakula. Nilimwona nikiwa kwenye cherehani yangu, mwanamke mfupi amejifunga khanga mbili juu ya koti, begi mkononi, anatembea kama anayeogopa kufika. Sikumjua kwa sura lakini nilimjua kwa mwendo, maana ni mwendo wa Chiku mwenyewe. Niliacha kazi nikamfuata.

Chiku alikuwa anapakua maharage. Kwa joto la jiko alikuwa amevua mtandio, kichwa cheupe kiko wazi. Naima alisimama mlangoni, akaona kichwa kile, begi likamtoka mkononi.

Chiku aligeuka. Upawa ukabaki hewani. Kilichomjia kwanza hakikuwa furaha, kilikuwa hofu, kwa sababu alijua Naima alivyoapa.

“Nani amekufa?” akauliza.

Naima alikuja akamshika mikono, akamshika mashavu, akampapasa kichwa. Madereva wakaacha kula. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, “Nimeambiwa wewe.”

Chiku alimtazama, akanitazama mimi, kisha akatafuta kwa macho hadi akamwona Ikupa, aliyekuwa amerudi na mzigo wake asubuhi hiyo, sasa ameinama nyuma ya magunia ya mchele anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Akaelewa. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi kwenye benchi, machozi yanamtoka, akaeleza katikati ya kicheko habari ya kabati, na dawa ya nywele, na kovu. Na sisi tukacheka, na dereva mmoja akacheka bila kujua anachocheka.

Naima hakucheka. Uso wake ulibadilika taratibu, kutoka kwenye huzuni hadi kwenye hasira, na nitasema wazi kwamba niliogopa. Nilijua nilichokuwa nakitazama. Kama mwanamke huyu akiondoka hapa amechekwa, safari nyingine kweli itakuwa ya maziko.

“Unacheka,” alisema. “Sikulala. Nimekuja nalia hadi kondakta ananipa maji, nawe unacheka.” Akaokota begi lake. Akasema magari ya kurudi Mbeya bado yapo, atasimama barabarani.

Chiku aliacha kucheka. Alisimama mbele ya mlango, mwili wake wote umeujaza, upawa bado uko mkononi unadondosha mchuzi. Niliwahi kumwona akigombana na wenye nyumba, na mgambo, na madereva walevi, na sikuwahi kumwona amekosa neno. Siku hiyo alilitafuta sana.

“Naima,” akasema. “Ile sare haikunitosha.”

Naima alisimama.

“Haikufunga. Nilijaribu asubuhi ile nyumbani kwa jirani yako, zipu ikaishia hapa.” Akajigusa chini ya kwapa. “Nikavuta pumzi, nikajifunga na khanga, wapi. Ningekwambia nini? Mawifi zako walikuwa wananitazama, wote wembamba. Nikasema rangi mbaya. Rangi ilikuwa nzuri tu.”

Mimi ni fundi, nimewaona wanawake wengi wakisema kitambaa kibaya, mtindo mbaya, fundi mbaya, na mara zote kilichokuwa kinawauma ni zipu. Lakini sikuwahi kufikiri zipu inaweza kukaa kati ya watu wa tumbo moja miaka yote hiyo.

“Vipimo nilimtajia fundi kutoka kichwani,” Naima akasema. “Sikukuuliza. Nilijua mwili wako kama wangu.” Akaliweka begi chini. Alikuwa anatazama mabega ya dada yake, na mikono, na tumbo, kana kwamba ndiyo kwanza anaonyeshwa. “Njiani nilikuwa nawaza jambo moja tu, dada. Kwamba nitakuosha mimi, sitamwachia mtu mwingine. Ningekuosha, na nisingejua hata umenenepa lini.”

Hapo Chiku alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye maziko ya mumewe alikuwa anahesabu sahani. Alijifuta uso kwa mkono wenye mchuzi, akajichafua vibaya.

Naima akamkumbatia hivyo hivyo, na koti lake la safari likapata maharage. Walikaa muda. Madereva wakarudi kwenye sahani zao kwa adabu, kila mtu anatazama wali wake. Halafu Chiku akasema, mdomo ukiwa begani kwa mdogo wake, kwa ile sauti yake kavu tunayoijua sote:

“Basi nioshe leo nikiwa hai. Katikati ya mgongo kuna mahali sipafikii, pananiwasha tangu mwaka jana.”

Niliinjika sufuria kubwa la maji mimi mwenyewe. Ikupa akajitokeza nyuma ya magunia akaanza kupakua bila kuambiwa, na hakuna aliyemsema, ingawa nilimwekea akiba ya maneno ya kutosha. Maji yalipochemka nikayapeleka bafuni uani, na dodoki jipya kutoka duka la jirani. Wale wawili wakaingia, wakafunga mlango wa bati. Kwa muda hatukusikia kitu isipokuwa maji. Kisha tukamsikia Naima anamwambia dada yake ageuke, asimame sawasawa, na Chiku anajibu kwamba huko si kuosha, ni kuchuna ngozi, na Naima anamwambia anyamaze, bado hajamaliza.